Filamu ya Wakesho Isiyosema Kitu

Vijana wa kikundi cha filamu pale Voi, mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka niwaandikie niliyoyaona katika kazi ya kuonyesha sinema. Ule wa mwisho ulisema, "Babu, hata page mbili tu, tafadhali." Haya, nimekaa nikaandika, lakini niwaonye mapema kwamba sina hekima ya kugawa. Nilistaafu nikidhani nawajua watazamaji kama ninavyojua mfuko wa koti langu, kisha mwaka juzi binti mmoja wa Bura akaja na filamu yake ya dakika themanini ambayo ndani yake hakuna mtu anayesema neno hata moja. Mpaka leo najikuna kichwa.

Nitafika huko. Kwanza niwape yale yanayosaidia, maana mzee akianza na maswali vijana hukimbia.

Projekta yenye balbu usiizime ukaifungasha papo hapo. Iache feni izunguke mpaka hewa inayotoka iwe baridi. Lenzi hufutwa kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikachoka, si kwa ncha ya shati, hata kama shati lenyewe umelinunua jana. Waya hauviringishwi kwenye kiwiko. Ufuate unavyotaka kujikunja wenyewe, la sivyo utakatika ndani kwa ndani na utalaumu umeme bure. Upepo wa Voi ukianza alasiri hauna huruma na skrini, kwa hiyo zile pembe mbili za chini zilegeze kidogo. Na kubwa kuliko yote: usitazame picha. Picha umeshaiona. Tazama mabega ya watu. Yakiinama mbele, wako nawe. Yakianza kugeuka huku na huku, ujue wanatafuta viatu vyao.

Hilo la mabega nilifundishwa na Bwana Athmani, Mungu amrehemu. Alizaliwa Voi, katika zile familia za Waswahili zilizofika zamani kutoka pwani, na ndiye aliyekuwa mkubwa wangu kwenye gari la sinema. Tulizunguka wilaya nzima, tukitangaza sabuni mwanzo na mwisho wa picha, na katikati tukionyesha sinema za Kizungu na za Kihindi. Sasa fikirini: mtu wa shamba la mkonge amekata majani tangu alfajiri, ameketi chini juu ya kokoto, na kwenye skrini mtu anazungumza lugha asiyoijua. Ndipo kazi yetu ya pili ilipoingia. Tulipunguza sauti ya picha, tukashika maikrofoni, tukasimulia. Huyu ni mwizi. Huyu ni mchumba wake. Huyu hajui kwamba yule anajua. Kazi hiyo haikuandikwa kwenye barua yangu ya ajira, lakini watu walikuja kwa ajili yake.

"Mwanangu," Athmani aliniambia wiki yangu ya kwanza, "watu hawa wameacha vyombo havijaoshwa wakaja kwako. Usiwaache waende zao na kiza kichwani. Wape mwanzo, wape mwisho, na huo mwisho uwe mtamu. Hata kama wenye picha wamesahau kuutia utamu, wewe utie."

Nikamsikia vizuri mno. Hilo ndilo tatizo langu.

Siku moja, katika shamba la mkonge karibu na Mwatate, Athmani alikuwa amekwenda kuswali akaniachia mashine. Nikabadilisha mikanda. Kumbe wa tatu nilikuwa nimeutanguliza, na sasa nimetia wa pili. Mtu aliyepigwa risasi na kuzikwa dakika tano zilizopita akatokea juu ya farasi, mzima, anacheka. Uwanja ukanyamaza. Mabega yakaanza kugeuka. Nikaishika maikrofoni nikasema, "Huyu mnayemwona ni pacha wake!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mbele kabisa, hakuwa mjinga, akauliza kwa sauti, "Na mbona hawajawahi kuonekana pamoja?" Nikajibu, "Walikosana kwa sababu ya shamba." Wote wakatikisa vichwa. Ndugu kukosana kwa sababu ya shamba ni jambo ambalo kwetu Taita halihitaji maelezo.

Athmani aliporudi nikamweleza, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanzu. Kisha akaacha kucheka. "Leo umeokoka," akasema. "Lakini kumbuka umewadanganya watu mia mbili, na wote wanarudi makwao wameamini." Niliisikia sehemu ya kwanza tu.

Mara nyingine tulikuwa Mahoo, kule Taveta, watu wakajaa mpaka nusu yao wakakaa nyuma ya skrini, maana ilikuwa kitambaa cheupe chepesi na picha ilipenya. Stelingi, yaani shujaa wa picha, akamzaba mtu kofi. Kesho yake sokoni nikakuta wanaume wawili wanashikana mashati: mmoja anaapa kofi lilikuwa la mkono wa kulia, mwenzake anaapa la kushoto. Waliokaa mbele wakawa chama kimoja na waliokaa nyuma chama kingine. Nikawapatanisha kwa kusema mtu yule alikuwa anatumia mikono yote miwili. Mnaona? Kila shimo nililifukia kwa mdomo.

Basi, Wakesho.

Mwaka juzi nilikuwa nimeketi nyumbani kwangu Mwatate, napukuchua mahindi, binti akabisha hodi. Alikuwa amesomea mambo ya filamu Nairobi. Nilimjua kwa sababu ya mama yake, mkulima wa kabichi na dania kule Bura, ambaye watu wote humwita Mama Righa, kwa jina la kifungua mimba wake. Righa huyo alikuwa ameondoka miaka kumi na moja kabla ya siku hiyo kwenda kutafuta kazi. Alipiga simu mara mbili. Baada ya hapo simu haikushikwa tena, na hakuna aliyemwona, si mzima, si maiti. Jina lake linatajwa kila siku sokoni mama yake anaposalimiwa, lakini habari zake hakuna anayezigusa.

"Mzee Mwadime," Wakesho akaniambia, "nimetengeneza filamu. Nataka kuionyesha kwa ukumbi wa kanisa Bura, Jumapili baada ya misa. Projekta ninayo. Shida ni kwamba ukumbi uko na mwanga mwingi, na mimi sijui kuufanya uwe giza saa sita mchana."

"Hiyo ndogo," nikasema. "Na ni lugha gani? Nianze kujiandaa kusimulia."

"Hakuna lugha. Hakuna kusimulia. Mzee, nakuomba, maiki usiiguse."

Nikamuuliza filamu inahusu nini. Akachukua hindi, akaanza kupukuchua pamoja nami. Akaniambia wazee wa ukoo wamechoka kungoja. Wamepanga tarehe ya misa ya marehemu kwa ajili ya Righa, ili jambo lifungwe. Wanamngoja mama aseme ndiyo.

"Mama hasemi ndiyo, hasemi hapana," akasema. "Nikimwongelesha anaamka anaenda kuteka maji. Usiku anaamka kuhakikisha mlango haujafungwa na kufuli, kwa sababu ukifungwa, Righa akija ataingiaje? Miaka kumi na moja, Mzee! Atagonjeka. Kwa hivyo nimepiga picha hiyo barabara yetu, vile haina mtu. Nataka aione. Nikimwambia kwa mdomo hasikii. Pengine akiona, atakubali."

Nikamwahidi, kwa mdomo huu huu.

Kuutia giza ukumbi ule kulikuwa na raha yake. Madirisha nikayaziba kwa mablanketi ya bweni tuliyoazima. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari, kila tundu linatoboa mwanga mpaka sakafuni. Nikapanda ngazi nikayaziba moja moja kwa sabuni ya mche. Shikeni hilo, sabuni ya mche. Sauti ya filamu, yaani upepo na kuku, nikaipitisha kwenye spika za kanisa. Na kwa kuwa spika ni za kanisa, maikrofoni ya katekista nayo ilikuwa pale pale mezani, imechomekwa tayari.

Walikuja watu kama mia. Mama Righa aliketi mstari wa kwanza na leso yake mabegani.

Filamu ikaanza. Mlango. Mlango wa mbao uliofungwa, na chini yake kizingiti kilicholika. Dakika moja, mlango. Dakika tatu, mlango. Mwanamume mmoja akageuka akaniuliza, "Mzee, imekwama?" Watu wote wakageuka kunitazama kwa lile jicho ninalolijua tangu enzi za mikanda, jicho la kumlaumu mwenye mashine. Nikatazama vizuri. Haikuwa imekwama; uzi uliokuwa ukining'inia mlangoni ulikuwa unatikisika. "Inaenda," nikasema. "Inaenda wapi?" akauliza, na ukumbi ukacheka.

Ukaja moshi wa jikoni. Ikaja mikono inaosha maharagwe, mikono tu, bila mwenye mikono. Kisha kuku akapita, akasimama katikati ya picha, akatutazama. Makofi! Kijana mmoja akapaza sauti, "Stelingi ndio huyo sasa!" Wengine wakaanza kuondoka, wakiinama kama wanaotoka kanisani mahubiri hayajaisha. Mama mmoja kando yangu alikuwa analia, kwa kuku, kwa maharagwe, sijui. Mimi mwenyewe sikuelewa chochote. Nilitafuta mwanzo, nikatafuta adui, hata mwizi wa kuku tu, sikumpata. Wakesho alisimama ukutani, anauma kucha. Nilimwonea huruma.

Halafu ikaja barabara. Ni ile njia ya udongo mwekundu inayopanda kwenda kwao, imepigwa picha kutoka mlangoni. Tupu. Ikakaa tupu muda mrefu mpaka watu wakaacha kukohoa. Na kule chini kabisa kikatokea kitu, doa, kikawa mtu, mtu mwenye mzigo kichwani, anapanda polepole. Mabega ya ukumbi mzima yakainama mbele. Mstari kwa mstari. Wanangu, katika kazi hii hakuna kitu kitamu kama hicho.

"Ni nani huyo?" mtu akauliza.

"Ni nani?" akauliza mwingine, na vichwa vikaanza kugeuka, si kwa skrini. Kwangu.

Mazoea yana taabu. Sikumbuki kuichukua maikrofoni. Nakumbuka tu sauti yangu ikitoka kwenye spika, ile ya zamani, ya uwanjani: "Yule pale, jamaa zangu! Baada ya miaka yote hii, mwana anarudi nyumbani! Mama, fungua mlango!"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, makofi, watu wakasimama. Na Mama Righa akasimama. Alisimama mbele ya picha yenyewe, kivuli chake kikaangukia barabara, leso ikateleza ikaanguka chini.

Yule mtu kwenye picha akafika langoni, mzigo wake ukaonekana kuwa majani ya ng'ombe, akapita, akaenda zake. Barabara ikabaki tupu dakika nane nyingine. Nilikuwa nimeganda na maikrofoni mkononi, nikiomba mabati yatuangukie.

Nje, watu walikuwa wanagombana. Penye wengi pana mengi, lakini hayo ya siku ile yalipita kiasi. Katekista alisema ni filamu ya kungoja ujio wa Bwana, ndiyo maana mlango. Afisa wa kilimo mstaafu akasema ni ya ukame, na akahesabu miti iliyokauka. Kijana mmoja akasema, "Hii ni trash, hakuna hata stori," mwenzake akamwambia, "Buda, hiyo ndio art, wewe hujui." Na kundi kubwa zaidi liligawanyika juu ya jambo moja tu: amefika au hajafika?

"Amepita! Nimeona na macho yangu amepita na majani yake."

"Kwani hukusikia Mzee akisema anarudi? Aliingia kwa mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma gani na nyumba ile haina mlango wa nyuma? Mimi ndio niliijenga!"

Nilisimama nikiwasikiliza, na hofu ikanipanda. Nusu ya watu walikuwa wameona kwa masikio. Na mmoja wao, huenda, alikuwa mama mwenye mtoto.

Wakesho alinikuta nikikusanya waya. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nimetumia miaka miwili kumwambia mama kitu kimoja," akasema. "Wewe umekifuta na sentensi moja."

Nikaanza kujitetea, watu waliuliza, wewe huwajui watu wa sinema, nikaona maneno yangu hayana miguu, nikaacha. Nilimwambia nisamehe. Akachukua projekta yake akaenda.

Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa Mzee Mwanyalo, mkubwa wa ukoo wao. "Mwadime, umetuletea nini? Mama Righa amekataa misa. Padre tulishamwambia, watu wa Voi na Mombasa wameshaomba ruhusa kazini. Sasa anatuambia tungoje. Tungoje nini? Ulimwambia mtoto anarudi, wewe! Umemwona wapi?"

Nilimkumbuka Athmani na watu wangu mia mbili. Wale niliwadanganya juu ya mtu aliyekuwa picha tu. Mwana wa Mama Righa alikuwa mtu. Niliona haya, wanangu, haya ya mtu mzima, isiyo na mahali pa kujificha. Asubuhi yake nikapanda Bura.

Nilimkuta akiloweka mbegu za maharagwe kwenye beseni. Akanipa kigoda, akaniletea chai na kimanga, ule muhogo wetu uliopondwa na maharagwe, kama kwamba nimekuja kwa heri. Nikashindwa kula. Nikamwambia, "Mama Righa, nimekuja kuomba msamaha. Yule mtu kwenye filamu simjui. Niliropoka. Si Righa."

Akanitazama kwa mshangao. "Kwani ni nani asiyejua si Righa? Huyo ni Mwakisha wa hapo juu. Anapitisha majani ya ng'ombe kila asubuhi. Namjua hata kwa kukohoa."

Nikapigwa na butwaa. "Sasa mbona ulisimama?"

"Si ulisema nifungue mlango?"

Sikujua nicheke au nilie. Yeye akaendelea kuchambua mbegu, zilizoelea anazitupa.

"Miaka kumi na moja," akasema, "kila anayekaa kwa hicho kigoda ananiambia hakuji. Padre, polepole. Mwanyalo, kwa kelele. Huyu msichana wangu, kwa picha. Wewe ndio wa kwanza kusema anakuja. Nilijua ni uongo, Mzee. Lakini miguu haikujua."

Nikamuuliza kama ni kwa sababu hiyo amekataa misa.

"Sijakataa! Niliwaambia sijajua. Lakini kwao, mtu akisema sijajua, amekataa." Akafuta mikono kwa leso. "Wanataka niseme amekufa. Sijamwona akifa. Wewe unataka niseme anakuja. Sijamwona akija. Mbona hakuna mtu anataka niseme vile ninavyojua?"

Nikala kimanga, maana mdomo ulihitaji kazi. Nilipoinuka kuondoka akaniuliza kama ile picha itaonyeshwa tena. Nikamwambia Jumamosi ijayo, Voi, mchana. "Nitakuja," akasema. "Nitakaa na wewe huko nyuma, kwa mashine."

Wakesho hakutaka nishike kazi Voi, na namwelewa. Alinikubali kwa sababu ukumbi wa huko nao una madirisha makubwa upande wa magharibi, na mama yake alimwambia kama Mzee hayupo naye haji. Maikrofoni aliichomoa mwenyewe akaitia kwenye mkoba wake. Watu walikuwa wachache, wengi vijana, baadhi yenu mlikuwepo. Mnakumbuka yule bwana mwenye kofia aliyetoka akisema amerogwa kwa mlango, na yule dada aliyewaambia mkinong'ona tena atawatoa nje. Mligombana hata kabla picha haijaisha.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na Mama Righa kando yangu, na kwa mara ya kwanza sikutazama mabega. Nilitazama picha. Siwezi kuwaambia kwamba niliielewa. Mlango ulikuwa mlango. Ila niliona kivuli cha paa kikishuka juu ya zile mbao, kidogo kidogo, na nikatambua kwamba mlango hauna kufuli. Bura sikuwa nimeliona hilo.

Ikaja barabara. Tupu. Akatokea Mwakisha na majani yake. Mama Righa akanigusa mkono.

"Sema," akaninong'oneza.

Nikamtazama. Nikamtazama Wakesho, aliyekuwa amesimama mlangoni, ameshatusikia. Mmoja ananiomba uongo, mwingine nimemwahidi kimya.

"Sema, Mzee. Nani anakuja?"

Mwakisha akapita. Barabara ikabaki yenyewe, nyekundu, upepo unatimua vumbi kidogo pale kwenye kona. Miaka thelathini na tano nimejibu maswali ya watu gizani. Nilifungua mdomo.

"Sijui, Mama," nikasema.

Nikadhani nimemuumiza tena. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, iliyosikika ukumbi mzima, "Hata mimi sijui." Wala hakuutoa mkono wake. Tukaitazama ile barabara dakika zote nane. Wakesho akaja akaketi sakafuni, mbele ya miguu ya mama yake.

Baada ya hapo, nje, nikamuuliza binti huyo, maana yeye ndiye aliyeitengeneza: filamu yako inasema anakuja au hakuji? Akasema, "Nilidhani inasema hakuji." Akatazama chini. "Sasa nimeiona tena, Mzee, na sioni mahali inasema." Kama mwenyewe hajui, mimi nifanyeje? Ninyi mlionizunguka siku ile mkitaka niamue nani kati yenu yuko sawa, sasa mmejua kwa nini nilijifanya natafuta soketi.

Misa ilifanyika tarehe ile ile waliyopanga. Mama Righa alikuwa amepanda mwenyewe kwa Padre wiki hiyo, wakazungumza muda mrefu, na akatoka bila kumweleza mtu. Ukoo ulijaa mistari minne ya mbele, nguo nyeusi, Mzee Mwanyalo na koti lake la mazishi. Wakesho alivaa nyeupe. Mimi nilikaa nyuma, sina kazi ya kufanya, mikono nimeikunja.

Padre akafika pale pa kutaja jina. Akakitazama kikaratasi, akamtazama Mama Righa, akasoma: "Tunamwombea Righa, mwana wa nyumba hii, ambaye hatujui aliko."

Watu wakatazamana. Mzee Mwanyalo akageuka nusu, ameacha mdomo wazi. Wanakwaya hawakujua kama waanze wimbo wa mazishi au wasianze. Hakuna aliyeitikia, kwa sababu hakuna aliyejua sala ile inaitikiwaje.

Mama Righa akasema, "Amina," peke yake, kwa nguvu.